Kusoma mchoro wa kiufundi kabla hujawasha lethi: mwongozo kwa fundi anayeanza

Kazi nyingi katika karakana zetu huja bila karatasi. Mteja anafungua gazeti, anaweka mezani shafti iliyolika, anasema, "Fundi, nichongee kama hii." Unapima, unachonga, analipa, anaondoka. Baada ya muda anarudi akiwa na shafti yako, nayo imelika palepale. Hukukosea kupima. Ulichonakili ni ugonjwa. Pale beringi inapokaa, shafti ya zamani ilikuwa imeshuka hadi milimita 39.91, nawe ukachonga 39.91 kwa uaminifu mkubwa, wakati aliyeiunda mara ya kwanza aliandika Ø40 k6, yaani kipenyo cha milimita 40, na k6 ni ruhusa ya kukosea tutakayoisoma kwenye hatua ya tano. Herufi moja na tarakimu moja, na ndani yake umo uhai wote wa beringi ile.

Kwa hiyo hata fundi ambaye hapokei michoro kila siku anahitaji kujua kuisoma. Jambo ninalotaka ulishike mapema ni hili: kwenye mchoro wa kipande cha kawaida zinaweza kuwepo namba thelathini, lakini zinazoweza kukuharibia kazi hazizidi nane au tisa. Mchoro wenyewe unakuonyesha ni zipi. Kusoma mchoro ni kujua mahali pa kuogopa na mahali pa kukimbiza mashine bila hofu. Asiyejua tofauti hiyo ama anaogopa kila mahali na kazi ya saa tatu inamchukua siku mbili, ama haogopi popote.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: shafti ya msumeno wa duara, ile ya meza za maseremala kama wa Keko, Dar es Salaam. Puli upande mmoja, beringi mbili katikati, msumeno upande wa pili. Chukua penseli uichore unaposoma, ikiwa imelala, kutoka kushoto kwenda kulia:

- Ø35 k6, urefu 70: hapa inakaa puli, pana njia ya kii (mfereji wa kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja)
- Ø40 k6, urefu 40: beringi namba 6208
- Ø50, urefu 200 ±0.1: sehemu ya katikati, haishiki kitu
- Ø40 k6, urefu 40: beringi ya pili, 6208
- Ø30 h6, urefu 30: msumeno na flenji yake
- M24×2 LH, urefu 30: nyuzi za nati

Chini yake yote kuna kipimo cha urefu wote kikiwa ndani ya mabano: (410). Kona ya chini kulia pameandikwa: C45, vipande 2, skeli 1:2, mm, ISO 2768-m.

Hatua ya 1: Ichunguze karatasi yenyewe

Siku hizi mchoro unaingia kwa simu, tena kama picha iliyopigwa kwa pembe, nusu ikiwa na kivuli cha mkono. Usichonge kwa picha ya namna hiyo. Tarakimu 8 hugeuka 6 au 3, nukta ya desimali hupotea, na kona ya chini kulia, yenye maelezo yote, ndiyo hukatwa kwanza. Omba faili lenyewe, au nenda ukaione karatasi.

Hata ukiipata nzima, ukubwa wake usiuamini. Mashine ya kuchapa ina tabia ya kubana mchoro wa A3 uingie kwenye A4, na hapo skeli ya 1:2 haina maana tena. Ndiyo sababu hakuna fundi anayepaswa kuweka rula juu ya mchoro ili apate kipimo kilichokosekana. Kipimo ni kile kilichoandikwa. Kama hakikuandikwa, unapiga simu. Utakutana pia na kipimo kilichopigiwa mstari chini yake: hiyo ni alama kwamba mchoraji alibadilisha namba bila kuchora upya, kwa hiyo umbo halilingani na namba. Fuata namba.

Hatua ya 2: Anza na kona ya chini kulia

Wanagenzi wote huvutwa na picha kwanza. Anza na kisanduku cha maelezo, kwa sababu humo mna mambo yanayobadilisha maana ya picha nzima.

Vipimo ni milimita au inchi? Inchi moja ni milimita 25.4, na mchoro wa Kimarekani unaweza usiandike neno inchi popote isipokuwa humo kisandukuni. Michoro ya Ulaya nayo hutumia mkato mahali pa nukta: 40,018 ni milimita arobaini na ushei, si elfu arobaini.

Chuma gani? C45 ni chuma cha kaboni ya wastani; wauzaji wetu wengi watakielewa ukisema EN8, ambacho ni ndugu yake wa karibu. Ukiweka chuma laini cha kawaida kwa sababu ndicho kilichokuwepo dukani, shafti itafanana kabisa na mchoro, na njia ya kii itaanza kufunguka mdomo baada ya muda mfupi wa kazi.

Vipande vingapi? Toleo la ngapi? Mchoro uliorekebishwa huwa na herufi au namba ya toleo pamoja na tarehe. Kama mteja ana karatasi mbili zinazotofautiana, muulize yeye akuchagulie, tena kwa maandishi.

Halafu ISO 2768-m. Watu huipita kama vile ni chapa ya kiwanda cha karatasi. Tutairudia kwenye hatua ya tano, maana ndiyo inayokuruhusu kupumua.

Hatua ya 3: Jua sura zimepangwaje

Kipande kimoja huchorwa kwa sura mbili au tatu: ya mbele, ya juu, ya pembeni. Kuna mipango miwili ya kuzipanga kwenye karatasi, na ukichanganya utachonga kitu kilichogeuka kama kwenye kioo.

Kwenye ule unaoitwa mpango wa kwanza (first angle), unaotumika sana Ulaya, India na China, fikiria unakibingirisha kipande juu ya karatasi. Ukikibingirisha kwenda kulia, ubavu wake wa kushoto ndio unaokutazama. Kwa hiyo sura ya kushoto inachorwa kulia, na sura ya juu inachorwa chini. Kwenye ule unaoitwa mpango wa tatu (third angle), wa Marekani na Japani, kila sura inakaa upande uleule unaotazamwa: ya juu iko juu, ya kushoto iko kushoto.

Utautambua mpango kwa alama ndogo kisandukuni: koni iliyokatwa kichwa, pembeni yake miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Upande mpana wa koni ukiielekea miduara, ni mpango wa kwanza. Upande mwembamba ukiielekea, ni wa tatu. Karakana zetu zina mashine za Kijapani, za Kichina na za Kihindi zimesimama bega kwa bega, kwa hiyo usiende kwa mazoea.

Shafti yetu haina tatizo hili, kwa kuwa ni duara kila mahali. Tatizo huja kwenye bracketi, vifuniko vya gia na flenji zenye matundu yasiyolingana. Kwa mazoezi sijaona kitu kinachoshinda mche wa sabuni ya kufulia. Kata kipande, weka mchoro mbele yako, kichonge kwa kisu cha jikoni hadi kila upande ufanane na sura yake kwenye karatasi. Ukikosea, sabuni bado itafua nguo. Vipande kumi vya sabuni vitakufundisha kuliko mwezi mzima wa kukodolea karatasi macho.

Hatua ya 4: Soma mistari kabla ya namba

Mstari mnene usiokatika ni ukingo unaoonekana. Mstari wa vipande vifupi-vifupi ni ukingo uliojificha nyuma au ndani ya chuma. Mwembamba wenye kipande kirefu, kifupi, kirefu, ni mstari wa kati wa tundu au wa kitu cha mviringo. Mwembamba mtupu hubeba vipimo.

Ukiona eneo lenye mistari ya mshazari, mchoraji amekikata kipande kwa mawazo ili uone ndani. Mistari ile ni chuma kilichoguswa na msumeno wa kufikirika. Palipo peupe ni uwazi. Kwenye shafti yetu kuna mkato A–A uliochorwa pembeni: duara lenye pengo la mraba juu. Hiyo ni njia ya kii. Tafuta herufi A na A kwenye shafti, zenye mishale midogo, ujue mkato umepita wapi na unatazama upande gani.

Hatua ya 5: Vipimo, na ruhusa ya kukosea

Kwanza jumlisha. 70 na 40 ni 110, na 200 ni 310, na 40 ni 350, na 30 ni 380, na 30 ni 410. Inalingana na ile (410). Zoezi hili la nusu dakika hufichua makosa ya mchoraji kuliko unavyodhani. Mabano yanasema namba hii ni ya taarifa tu. Usichonge kwa kuifuata, na usimkatalie mteja kipande kwa sababu yake.

Alama Ø ni kipenyo, R ni nusu yake. Angalia na mashine yako pia: kwenye lethi nyingine, ukizungusha mkono wa mashine kwa 0.1 unaondoa 0.2 kwenye kipenyo. Nyingine zimeshahesabu hilo. Mchoro unazungumza kipenyo. Mkono wa mashine yako unaweza kuwa unazungumza nusu.

Sasa tolerensi. Hakuna mashine duniani inayochonga 50 kamili. Mchoraji anajua, kwa hiyo anakupa ruhusa ya kukosea, na ruhusa hiyo huja kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya jumla. Kipimo kisicho na chochote pembeni yake, kama ile Ø50, kinafuata ISO 2768-m: kuanzia zaidi ya milimita 6 hadi 30 unaruhusiwa ±0.2, zaidi ya 30 hadi 120, ±0.3, zaidi ya 120 hadi 400, ±0.5. Maana yake ile Ø50 inaweza kuwa 49.7 au 50.3 na mteja hana neno. Hapo ni mahali pa kukimbiza. Venia inatosha, maikromita, kile chombo cha kupimia vipimo vinavyobana zaidi, ibaki kwenye boksi lake. Ukiwa na chuma cha kung'aa cha 50 kutoka dukani, kilichonyooka, huenda sehemu hiyo usiiguse kabisa.

Njia ya pili imeandikwa wazi: 200 ±0.1. Jiulize kwa nini hapa tu. Kwa sababu huo ndio umbali kati ya mabega mawili (pale kipenyo kinapopanda ghafla) ambayo beringi zinaegemea, na nyumba za beringi zimeshachongwa kwa umbali huo. Ukiongeza milimita moja, beringi zitasukumana na kuanza kupata moto. Kipimo kama 70 cha upande wa puli kikizidi kwa 0.3, puli haitajua.

Njia ya tatu ni ya herufi na namba: k6, h6, H7. Herufi kubwa ni ya tundu, ndogo ni ya shafti. Herufi inasema ruhusa inaanzia wapi ukilinganisha na kipimo chenyewe. Namba inasema ruhusa ni pana kiasi gani, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo inavyobana. Thamani zake ziko kwenye jedwali ambalo kila karakana ingepaswa kulibandika ukutani karibu na lethi. Za shafti yetu ni hizi:

- Ø40 k6: kutoka 40.002 hadi 40.018
- Ø35 k6: kutoka 35.002 hadi 35.018
- Ø30 h6: kutoka 29.987 hadi 30.000

Itazame Ø40 k6 kwa karibu. Dirisha lako lote ni 0.016. Beringi 6208 ya daraja la kawaida ina tundu kati ya 39.988 na 40.000. Kwa hiyo shafti yako ndogo kabisa bado inalizidi tundu kubwa kabisa kwa 0.002, na shafti kubwa kabisa inalizidi tundu dogo kabisa kwa 0.030. Kwa vyovyote beringi itaingia kwa kubana, na hicho ndicho kilichotakiwa: ringi ya ndani izunguke pamoja na shafti, isiteleze juu yake. Shafti ya 39.91 tuliyoanza nayo ilikuwa inateleza, na kila kuteleza kunasaga chuma kidogo.

Msumeno ni kinyume. Hautakiwi kugongwa kwa nyundo kila unapobadilishwa, kwa hiyo Ø30 inapewa h6, ambayo haizidi 30.000 kamwe.

Kuna mtego hapa ambao michoro mingi haiuandiki. Vipimo vyote vya mchoro vinahesabiwa kwa nyuzijoto 20. Hali ya hewa ya Dar haina shida sana, kwa sababu maikromita nayo ni ya chuma na imekaa kwenye joto lilelile. Shida ni shafti iliyotoka kuchongwa sasa hivi. Chuma cha milimita 40 kikifika nyuzijoto 60 huvimba kwa karibu 0.018, yaani dirisha lako zima na ziada. Utapima 40.015, utafurahi, utaenda kunywa chai. Ukirudi utaikuta imeshuka chini ya 40.000. Panga mambo kinyume: nenda ukanywe chai kwanza, halafu ndiyo upime na kumalizia.

Hatua ya 6: Nyuzi, njia ya kii, na kona

M24×2 LH. M ni nyuzi za metriki, 24 ni kipenyo cha nje, 2 ni pichi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata. M24 ya kawaida ina pichi ya 3, na kama pichi haijaandikwa ndiyo utakayokata. Ikiandikwa, usilete mazoea. Chonga kipenyo kwanza kiwe chini kidogo ya 24, 23.8 ni pazuri, ndipo ukate nyuzi. LH ni nyuzi za kushoto. Imewekwa ili msumeno unapozunguka uikaze nati badala ya kuifungua, kwa hiyo ukizipuuza herufi hizo mbili unampelekea seremala msumeno unaoweza kuruka. Kwenye michoro ya mabomba utakutana na BSP, nyuzi za mabomba za kiwango cha Uingereza, na hapo namba si kipenyo unachokiona: nusu inchi ya BSP ina kipenyo cha nje cha 20.955, wala si 12.7.

Njia ya kii: upana 10 N9, yaani kutoka 9.964 hadi 10.000. Kina chake huenda usikione kimeandikwa 5. Utaona 30 ikiwa na 0 juu na −0.2 chini, ikipimwa kutoka sakafu ya njia hadi upande wa pili wa shafti. Nimeona watu wakiisoma 30 hiyo kama urefu wa njia. Sababu ya kuiandika hivyo ni ya kiutendaji tu: ukishachonga njia, ukingo wa juu ulishaondoka, huna pa kuanzia kupima kina. Upande wa pili upo na maikromita inaufikia.

Kona sasa, na hili nilijifunza kwa aibu. Katika karakana niliyoanzia kazi nilipewa shafti mbili zenye mabega kama haya. Penye kona ya bega mchoro ulisema R0.8 upeo. Kisu changu kilikuwa na pua ya mviringo mnene, nilikipenda kwa sababu kilitoa uso laini, nikachonga nacho hadi begani. Vipenyo vyote vilikuwa ndani ya dirisha. Beringi ikaingia, ikafika karibu na bega, ikagoma. Fundi mkuu hakusema kitu. Alichukua tochi, akaiweka nyuma, akaniita nitazame. Kati ya beringi na bega palipita mstari mwembamba wa mwanga kuzunguka shafti nzima. Beringi ilikuwa imekaa juu ya unene wa kona yangu, si kwenye bega. Ukingo wa beringi ya 6208 umeviringwa kidogo tu, na kona ya shafti lazima iwe ndogo kuliko huo mviringo. Shafti zile ziliokolewa kwa kurudi kwenye kona na kisu chembamba, lakini tangu siku ile kila R iliyoandikwa penye bega naizungushia penseli.

Baadhi ya michoro haiandiki R bali inaonyesha kijifereji kidogo kwenye kona. Kazi ni ileile. Usikiache kwa kudhani ni urembo. Na 2×45° kwenye ncha ni chemfa, yaani ukingo uliokatwa mshazari: milimita 2 kwa digrii 45.

Hatua ya 7: Alama za uso na za kuyumba

Alama inayofanana na tiki ya mwalimu inaeleza ulaini wa uso. Ikifungwa kwa kistari juu, lazima uchonge. Ikiwa na kiduara ndani, acha uso kama ulivyokuja. Namba Ra ni wastani wa ukwaru kwa maikroni, yaani elfu za milimita. Ra 3.2 ni uchongaji wa kawaida wa lethi iliyo na afya. Ra 0.8, iliyoandikwa kwenye sehemu za beringi, inataka kisu kikali, mwendo mdogo na subira, au mashine ya kusaga kwa jiwe. Uso wenye mawimbi unakudanganya kwenye maikromita: unapima vilele, beringi ikigongwa inavilaza, na ule mkazo uliouhesabu unayeyuka.

Visanduku vilivyogawanywa vyumba ni habari nyingine. Kwenye Ø35 na Ø30 za shafti yetu kipo kimoja: mshale wa mshazari, kisha 0.02, kisha A-B. Herufi A na B zimebandikwa kwenye sehemu mbili za beringi kwa pembetatu nyeusi. Isome hivi: ukiishika shafti kwa sehemu zake mbili za beringi na kuizungusha, sehemu hii isiyumbe zaidi ya 0.02.

Uone kile ambacho kisanduku hicho kimekuamuru bila kusema. Huwezi kuchonga upande mmoja kwenye chaki (yale meno ya lethi yanayobana kipande), ukaitoa, ukaigeuza, ukaibana tena na kuchonga wa pili. Chaki ya meno matatu iliyozeeka itakupa mchepuko mkubwa kuliko 0.02 kabla hata hujaanza. Itabidi utoboe senta, yaani kitundu cha katikati, ncha zote mbili, uifunge shafti kati ya senta za lethi, zile ncha kali zinazoingia kwenye vitundu hivyo, ukiizungusha kwa kishikio kilichobanwa mwishoni. Ukigeuza ncha, senta ni zilezile na mhimili ni uleule. Kukagua, ilaze shafti kwenye vitalu viwili vya V, vikigusa sehemu za beringi, weka dayo geji (saa ya kupimia kuyumba) juu ya Ø30, izungushe kwa mkono. Mshale ukicheza jumla ya 0.02 au pungufu, umefaulu.

Hatua ya 8: Andika karatasi yako

Kabla ya kuwasha mashine, piga nakala ya mchoro, chukua penseli. Zungushia namba zinazoogopesha. Kwa shafti hii ni Ø40 k6 mbili, Ø35 k6, Ø30 h6, 200 ±0.1, njia ya kii ya 10, nyuzi za LH, R za mabegani na visanduku vya 0.02. Nyingine zote zipigie tiki nyepesi, zitajitunza.

Kisha andika mpangilio wa kazi. Wangu ungekuwa huu: kata vipande viwili vya kama 415, safisha ncha hadi kama 410, toboa senta. Chonga hatua zote ukiacha milimita 1 ya kumalizia, halafu iache ipoe. Malizia beringi zote mbili, puli na msumeno kati ya senta. Kata nyuzi. Njia ya kii mwisho kwenye mashine ya milingi, na uondoe meno yake kwa tupa laini kabla hujapima tena Ø35.

Maswali yaulize sasa. Mchoro hausemi kama vitundu vya senta vibaki au viondolewe? Uliza. Beringi ina upana wa 18 lakini sehemu yake ina urefu wa 40. Nafasi iliyobaki ni ya sili na kifuniko, au mchoraji kateleza? Uliza pia. Ongea kwa namba: "Mzee, kwenye Ø40 ya kushoto, milimita zilizobaki baada ya beringi zinakaa nini?" Mteja anayeulizwa hivyo hukaa sawa kwenye kiti.

Ukimaliza, pembeni ya kila namba uliyoizungushia andika kipimo halisi ulichopata, 40.011 au 40.014, pamoja na tarehe, na uiweke nakala hiyo kwenye faili lenye jina la mashine. Tumia penseli, wino wa kalamu ukikutana na mafuta ya lethi hausomeki tena.